Sosthenes, Mtunzi

Jumapili, saa nane na nusu mchana, Sosthenes alikuwa akipanga viti. Vilikuwa viti hamsini na nane vya plastiki, na vyote alivitoa mwenyewe kwenye stoo ya Manjula, mama mwenye duka la vitambaa mjini Iringa, ambaye aliiachia bendi ukumbi wa nyuma ya duka tangu mumewe alipokuwa hai. Viti kumi na saba vya wanabendi walio hai alivipanga mbele, kwa sababu walio hai hupenda kuonekana. Arobaini na kimoja vya marehemu alivipanga nyuma, mbali na dirisha. Mwezi wa saba baridi ya Iringa haina adabu, na marehemu hawana nyama ya kuizuia. Alipomaliza alirudi stoo akachukua kiti cha hamsini na tisa. Hicho alikifuta vumbi kwa leso yake mwenyewe, akakiweka mbele kabisa, karibu na maikrofoni.

Igumbilo Jazz ilikuwa bendi kubwa tangu kuanzishwa kwake. Miaka ya themanini, wenzao wakiwa na wapigaji kumi na wawili, wao walikuwa thelathini na mmoja, maana Sosthenes, kiongozi wao, hakujua kumwambia mtu hapana. Mpiga tarumbeta alikuja na binamu yake, binamu akaja na shemeji, shemeji akaja na saksafoni ya misheni, na hakuna aliyeuliza ilivyotoka misheni. Watu walitania kwamba Igumbilo Jazz wakishapanda jukwaani, wa kucheza hubaki wanne.

Desturi yao ilikuwa hii. Katikati ya wimbo wao mkubwa, "Baridi ya Uporoto", ala zote zilinyamaza, zikabaki ngoma za tumba tu, na kiongozi akaita majina. Jina kwanza, kisha kazi ya mtu. "Liberatus, besi!" na besi ikaitikia. Aliyejiunga jina lake liliongezwa, na lililoingia halikutolewa kamwe.

Ndiyo maana Ambrosi alikuja. Ambrosi alizikwa Alhamisi, mwaka tisini na saba, na Jumapili yake Sosthenes akaita kwa mazoea, "Ambrosi, tarumbeta!" Tarumbeta ikaitikia mlangoni. Ambrosi alikuwa na suti aliyozikiwa na udongo magotini. Mkewe, Yusta, alimpangusa kwa kanga, akamwuliza kwa nini amechelewa, na binti yao Damari, wa miaka tisa wakati huo, akamsogezea kiti. Tangu hapo kila aliyefariki aliendelea kuja. Hata Girish, mume wa Manjula, ambaye hakuzikwa bali alichomwa kwa desturi ya kwao, alifika alipoitwa "Girish, ukumbi!" akiwa na fungu lake la funguo. Akawasha taa, akakaa. Manjula humpelekea chai kila wiki, na kwa kuwa kikombe hakipungui, hulalamika kwamba mumewe siku hizi haipendi chai yake.

Marehemu wana sharti moja tu: ukimwita kwa kazi isiyo yake, haji. Safari moja ulimi wa Sosthenes uliteleza, akasema "Liberatus, drams!" na wimbo ukaenda bila besi hadi mwisho. Wiki iliyofuata alimwita vizuri, naye akaja.

"Wiki jana ulikuwa wapi, bwana?" Sosthenes alimwuliza.

"Hukuniita."

"Si nilisema Liberatus?"

"Ulimwita Liberatus wa drams. Mimi huyo simjui."

Walio hai hawabanwi na sharti hilo. Aliye hai anaweza kuitikia chochote. Sosthenes alilijua jambo hilo kuliko mtu yeyote, kwa kuwa jina la mwisho katika mwito lilikuwa lake. Tangu mwaka themanini na nne alikuwa akijiita mwenyewe, "Sosthenes, mtunzi!" na kujiitikia mwenyewe kwa gitaa.

Wimbo ule hakuutunga yeye. Aliutunga Tumpe, mwitikiaji wa safu ya nyuma, binti wa Tukuyu. Bendi ilikuwa ikitoka Mbeya, lori likapata pancha pale Igawa, na wakati watu wanahangaika na jeki, Tumpe alikaa juu ya boksi la spika akaanza kuimba taratibu, "Dada usifunge mlango, nguo zangu zimeloa." Hakuwa anabuni. Aliwahi kutembea kutwa nzima kwenye mvua ya milima ya Uporoto kwenda kwa dada yake, akakuta mlango umefungwa na dada yumo ndani. Tairi lilipokaa sawa, lori zima lilikuwa limeshaukariri.

Miezi miwili baadaye walikwenda Dar es Salaam kurekodi. Fundi mitambo aliuliza kutoka nyuma ya kioo, "Mtunzi nani?" Watu thelathini wakamtazama kiongozi wao, kwa heshima tu, ili aseme yeye. Sosthenes akasema, "Mimi." Hata uzeeni hakuweza kueleza kwa nini. Neno lilikuwa fupi, na fundi alikuwa na haraka. Mwito ulipofika aliita, "Tumpe, kiitikio!" na Tumpe akaitikia, vizuri kabisa, bila kutetereka. Walipofika Iringa alishusha begi lake kwenye lori, akaaga mmoja mmoja, na hakurudi tena.

Miezi mitatu kabla ya Jumapili ile ya viti, mwezi wa nne, Sosthenes alisikia kwamba Tumpe anaumwa kifua huko Madibira, alikokuwa akilima mpunga. Akamfuata. Alimkuta kando ya jaruba, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anafukuza ndege kwa kupiga debe.

"Kamwene, dada Tumpe."

"Kamwene. Umekonda, kaka."

"Nimekuja kuhusu ule wimbo." Sosthenes alibaki amesimama, kofia mkononi. "Jina lako bado limo kwenye mwito, sijalitoa. Mungu akikuchukua nataka uwe unakuja kama wenzio."

"Najua limo. Kila Jumapili redioni nakusikia ukiniita kiitikio." Tumpe akapiga debe, ndege wakaruka, wakatua jaruba la jirani. "Kwa kiitikio mimi siji. Cha kuniita unakijua."

"Watu watasemaje, Tumpe? Miaka arobaini!"

"Watasema mtunzi ni Tumpe. Watashangaa wiki moja, halafu watacheza. Wewe unadhani watu wana kazi na wewe kiasi hicho?"

Sosthenes alirudisha kofia kichwani. Alipoaga, Tumpe alimpa mchele kilo tano kwenye mfuko, kwa sababu mgeni haondoki mikono mitupu. "Ndaga," alisema Sosthenes. Ndilo neno pekee la Kinyakyusa alilobaki nalo, nalo ni asante.

Ulikuwa mchele mzuri, wenye harufu, na kila sahani aliyokula alijiambia kwamba Jumapili hii atasema. Jumapili ya kwanza watu walikuwa wengi mno. Ya pili walikuwa wachache mno. Ya tatu palikuwa na maharusi, na si vizuri kuharibu siku ya watu. Mchele ukaisha. Mwishoni mwa mwezi wa sita wakamletea habari kwamba Tumpe amezikwa.

Hicho cha hamsini na tisa kilikuwa kiti chake.

Saa tisa wakaanza. Mwito ulipofika, Sosthenes aliita majina yote bila kukosea hata moja, Ambrosi na Liberatus na Girish na wengine, nao wakaingia wakijikung'uta. Kisha akasema, "Tumpe..." Tumba ziliendelea. Marehemu wote walimtazama. Kila aliyekuwa kwenye lori lile pale Igawa alikuwa sasa kwenye viti vya nyuma; walio hai wote walijiunga baadaye na hawakujua lolote. Na marehemu hawasemi jambo ambalo hawakuulizwa. Neno lilimfika Sosthenes ulimini, akalionja. Mbele yake bibi mmoja alikuwa akicheza amefumba macho, anamngoja amalize.

"...kiitikio!" alisema.

Mlango haukufunguka. Alingoja kadiri alivyoweza kungoja, kisha akaita, "Sosthenes, mtunzi!" akajiitikia kwa gitaa, na ukumbi ukampigia makofi kama kawaida. Alijisikia vibaya kuliko siku ile ya kurekodi.

Jioni Damari alimsaidia kurudisha viti. Siku hizo ndiye aliyekuwa mwimbaji wao mkuu.

"Mama yule mbona hakuja, mzee? Labda umemkosea kazi yake."

"Sijamkosea." Sosthenes alipachika kiti juu ya kingine. "Damari, nikiondoka wewe ndiye utakayeita. Mimi uniite ridhimu. Sosthenes, gitaa la ridhimu."

Damari akacheka. "Mtunzi wa Baridi ya Uporoto nimwite ridhimu? Si watanipiga mawe! Kwani wewe siyo mtunzi?"

Aliuliza kwa utani, lakini aliuliza, na alikuwa amesimama na viti mikononi akingoja jibu. Hapakuwa na mtu mwingine ukumbini. Girish alikuwa ameshazima taa.

"Haya," alisema Sosthenes. "Ita unavyojua."

Alifariki mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zilipoanza, hospitali ya Tosamaganga, wakamzika kwao Kilolo na gitaa lake. Jumapili iliyofuata, saa nane na nusu, alifunga tai, akasimama tayari. Kutoka Kilolo hadi Iringa mjini ni mbali kwa aliye hai, lakini tumba alizisikia vizuri. Alimsikia Damari akiita, na sauti yake ilikuwa nzuri, haikuruka jina. Alisikia tarumbeta ya Ambrosi, besi ya Liberatus, funguo za Girish. Alisikia "Tumpe, kiitikio!" na kimya kilichofuata.

"Sosthenes, mtunzi!" aliita Damari.

Miguu haikwenda. Alijaribu tena, akiwa ameshika gitaa vizuri kabisa, na miguu haikwenda. Damari aliita mara ya pili, jambo ambalo si desturi, kisha akawaambia watu kwamba mzee amechelewa, hata baba yake Ambrosi siku ya kwanza alichelewa. Wakaingia ubeti wa mwisho. Kilolo mvua ilikuwa ikinyesha, na Sosthenes aliusikia wimbo wote mpaka ukaisha, suti imemganda mwilini.

Redio bado huupiga, na kila mara mtangazaji humtaja mtunzi wake, marehemu Sosthenes. Damari bado hupanga viti hamsini na tisa. Viwili vya mbele hubaki vitupu, naye huvifuta vumbi kila wiki. Na kila Jumapili, saa nane na nusu, Sosthenes hufunga tai.