Dakika Nne kwa Kila Mpigaji

Mama Pacha alikuwa amepokea simu za wagonjwa kwa miaka tisa, katika chumba cha nyuma cha hospitali chenye viti kumi na viwili na feni moja yenye kelele. Kazi aliipenda. Alijua kumtuliza mtu aliyechanganyikiwa kabla ya kumpangia siku ya kumwona daktari.

Kisha akaja msimamizi mpya, akafunga skrini kubwa ukutani. Kila mpokeaji simu alionekana pale na dakika zake. Zikizidi nne, jina linageuka jekundu. Wafanyakazi wakambandika msimamizi huyo jina Bi Saa.

Jumatatu moja alipiga mzee mwenye kigugumizi, akitaka mkewe abadilishiwe siku ya upasuaji. Hilo neno "upasuaji" peke yake lilimtoa jasho. Mama Pacha hakumkatiza wala hakummalizia maneno.

"Taratibu, baba. Nipo."

Dakika kumi na moja.

Kesho yake, kwenye kikao cha asubuhi, Bi Saa aliiweka rekodi ya simu ile kwenye spika. "Sikilizeni muda unavyopotea."

Mzee akaanza kuhangaika na herufi ya kwanza. Mmoja akaguna, wawili wakacheka, mara chumba kizima kikaangua kicheko.

"Zima," Mama Pacha alisema.

"Kaa chini, dada. Tunajifunza."

"Tunajifunza kumcheka baba wa watu?"

Akasogea, akachomoa waya wa spika. Hakuna aliyemtazama usoni.

Alipoitwa ofisini alikuta barua ya onyo imeshachapwa. Bi Saa hakufoka. Alionekana hoi.

"Unadhani napenda? Wakubwa wananipigia kila siku, wananisomea dakika zenu kama mashtaka. Na mimi nina watoto."

"Sasa mzee yule ningemfanyaje?"

Bi Saa alimsogezea kalamu tu. Mama Pacha akasaini.

Mchana alipiga mwanamke mmoja, sauti imejaa machozi. Mama Pacha akajikuta anaikodolea macho skrini ya ukutani.

"Pole, mama. Alhamisi saa tatu inakufaa? Haya, kwaheri."

Dakika tatu na nusu. Hakumwuliza analilia nini.

Bi Saa alipita nyuma yake, akamgusa bega. "Umeona? Kumbe unaweza."

Jioni mumewe alimwuliza kazi imekwendaje.

"Nimesifiwa," alijibu, akaingia chumbani, akakaa kitandani bila kuvua viatu.