Mluzi wa Baba Yangu

Najua jambo moja tu: kuita ndege kwa mdomo. Shule niliacha darasa la tano. Baba alikuwa akitembeza wageni katika msitu wa Kahuzi, upande wa Bukavu, na alinifundisha mluzi wa kila ndege kabla sijaota ndevu. Nilipovuka mto wa mpakani mwaka 1996 kurudi nchi ya babu zangu, ambayo sikuwahi kuiona, sikubeba kitu kingine cha maana. Mke wangu alibaki ng'ambo kwa ndugu zake. Vita vya pili vya huko vilipoanza, barua zilikoma.

Miaka mitano nilibeba magunia katika mji wa Kamembe. Kisha nikasikia msituni Nyungwe wanatafuta mtu wa kuongoza wageni wanaokuja kutazama ndege. Nikapanda mlimani.

Mkuu wa walinzi aliitwa Habineza. Alinitazama viatu, akasema, "Dubai mwingine." Ndivyo walivyotuita sisi tuliotoka Zaire, kama bidhaa rahisi inayovunjika upesi.

"Dubai hii inajua ndege, Chef."

"Tutaona. Kuna mzee wa Kibelgiji, anakaa siku mbili. Anataka ndege mmoja tu, mdogo, mwenye koo jekundu. Akimwona, kazi ni yako. Asipomwona, magunia yanakungoja."

Ndege huyo nilimjua tangu utotoni. Hukaa chini vichakani, na mluzi wake ni mmoja, mrefu, unaoshuka mwishoni. Ukimwigiza vizuri, anakuja kuona nani ameingia kwake.

Asubuhi tuliingia wanne: Habineza na bunduki yake, Mbelgiji na darubini yake, mimi, na Speciose, mama wa rika langu, aliyetangulia kufyeka njia. Tulitembea saa nzima. Nikasimama, nikalowanisha midomo, nikapiga mluzi. Nikasikiliza. Nikapiga tena.

Ndege hakuja. Na mbele yetu panga lilikuwa limenyamaza.

Tulimkuta amelala kifudifudi ubavuni mwa gogo, uso kwenye majani, amebana pumzi kama mtu aliye chini ya maji. Habineza alipiga magoti. "Maman Speciose, ni sisi. Ilishakwisha." Alilirudia hilo mara nyingi. Kisha akanigeukia.

"Nani alikufundisha kupiga mluzi humu?"

"Baba."

"Baba yako alikuwa Bukavu! Humu mluzi ulikuwa wa batu, si wa ndege. Mwaka 94 wauaji walipita kwa mstari wakiwinda batu. Wa kulia anapiga, wa kushoto anajibu: kwangu hakuna. Huyu alikaa siku kumi na moja chini ya gogo, akiwasikia. Huku hata batoto wanaochunga mbuzi hawapigi mluzi. Kila muntu anajua, isipokuwa Dubai."

Nikasema, "Sikujua." Ilisikika vibaya. Mbelgiji aliuliza kumetokea nini.

Siku ya pili Habineza alibaki kwenye kizuizi cha kuingilia msituni. Nilidhani Speciose hatakuja, lakini nilimkuta ameshafika, ananoa panga.

"Maman, sitapiga tena."

"Sasa utamwitaje?"

"Sijui."

Akacheka kidogo. "Fundi bila nyundo."

Tulitembea mpaka saa tano. Mbelgiji alikwisha anza kutazama saa yake. Ndipo Speciose akasimama, akaonyesha chini kwa ncha ya panga. Siafu, msururu mpana kama kiganja, walikuwa wanakata njia.

"Tungoje hapa. Ndege yako inafuata siafu. Wadudu wanawakimbia, yeye anawala." Akaegemeza panga mtini, akasema, "Siku ya sita chini ya gogo, siafu walinipita mgongoni. Sikulia. Ndege alikuja, akasimama hapa." Aligusa kiwiko chake.

"Mluzi wake haukukutisha?"

"Hapana. Ndege anapiga, anaendelea na kazi yake. Muntu ndiye anapiga halafu anangoja jibu."

Tukasimama. Siafu walinipanda hadi magotini, sikujitikisa. Akaja. Akatua hatua tatu mbele yetu, koo jekundu kabisa, akadonoa panzi, akapiga mluzi wake mmoja, akaenda zake. Mbelgiji alishusha darubini, macho yamemlowa.

Kwenye kizuizi Habineza aliuliza, "Amemwona?"

"Amemwona."

"Basi, Dubai, lete mguu tupime buti."

Speciose alikuwa anafuta panga kwa majani, ametazama pembeni. Najua asingesema kitu. Nilizitazama zile buti. Zilikuwa mpya, na ningelala mlimani, si Kamembe.

"Si mimi," nikasema. "Yeye ndiye aliyemwonyesha. Mimi nilisimama tu."

"Una wazimu?"

"Labda."

Kazi ikawa ya Speciose. Buti zilikuwa kubwa kwake, akazijaza nyasi kavu. Alinishika mkono kwa mikono miwili. "Utakuja kutusalimia, Papa."

Sijaenda. Magunia yalikuwa yananingoja kweli. Jumapili nashuka hadi kijiji cha Nkanka, nakaa juu ya jiwe kando ya ziwa, naitazama Bukavu ng'ambo, alikobaki mke wangu, naona hadi mabati ya nyumba. Midomo inajikunja yenyewe. Sipigi. Nikipiga, nitabaki nangoja jibu.