Msala wa Shule ya Kambini

Watu wa kambi wanasema Manase ana hasira za nyuki. Ninazo. Nitaeleza zimetoka wapi, asije mtu akasema ni ugane tu umenipanda kichwani.

Kristina, mke wangu, alipofariki, mwanetu Lea alikuwa darasa la tatu katika shule ya kambi yetu ya mkonge, huku upande wa Muheza. Mtoto akafunga mdomo. Mwalimu Timotheo akimwuliza hesabu, anatazama miguu yake. Akiambiwa asome, machozi. Mimi mtu wa korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, kutwa nailisha majani, ningemfanya nini? Aliyemfungua mdomo ni Bi Mwatum, Mpemba, mke wa muuza samaki wetu. Kila Alhamisi alikuja shuleni kuwafundisha watoto kusuka ukili, ule mkanda wa kushonea mikeka. Lea akishika miyaa, yale majani ya ukindu, anaanza kusema: huu pitisha juu, hii miwili chini, ukikosea mmoja ua lote linapinda. Haukupita muda akawa anajibu hata hesabu za ubaoni. Timotheo mwenyewe aliniambia, "Manase, binti yako kaingilia hesabu mlango wa ukili."

Wakubwa wakaona raha hiyo imezidi. Mwenyekiti wa kamati ya shule ni Ernesti, nyapara wetu na mzee wa kanisa, mtu ambaye hata akipiga chafya anataka watu wasimame. Akasema mtihani wa darasa la nne hauulizi ukili. Kuimba kukafutwa, kuchora kukafutwa, Bi Mwatum akaambiwa asirudi. Wiki chache tu, Lea akarudia kutazama miguu.

Nikamfuata Ernesti shambani.

"Mwenyekiti, mtoto ananyamaza tena."

"Shule si ngoma, Manase. Anataka kusuka? Akasuke kwa mama yake."

"Mama yake ulimzika wewe. Umesahau?"

Akakohoa, akawageukia wakata mkonge kuwafokea. Hawakuwa wamekosa lolote.

Ikaja habari kwamba mkaguzi wa shule anatoka Tanga, na kwamba akifika, kitu cha kwanza huuliza kazi za mikono za watoto. Hapo ungemwona Ernesti! Akatuma mtu sokoni Muheza, ikaletwa mikeka mzigo mzima, ikatundikwa ukutani darasani. Kisha akaja kwangu.

"Kesho Lea aseme kasuka yeye. Ndiye anayejua."

"Mwanangu aseme uongo kwa ajili yako?"

"Kwa ajili ya shule. Tukiandikwa vibaya tunafungiwa. Utampeleka wapi? Raskazone, kule Tanga mjini, akasome na watoto wa Wazungu?"

Nikakubali. Nikajipa moyo kwamba mkaguzi akishaiona mikeka, ataamuru Alhamisi ya ukili irudi.

Mkaguzi akaja, Bwana Khatib, mtu wa Tanga mjini, kofia ya kiua, kanzu imepigwa pasi. Sisi wazazi tulisimama madirishani. Akapita mkeka wa kwanza, akapita wa pili, akafika kwenye ule mzuri kuliko yote, mdogo wa duara refu. Akasimama. Akavua miwani, akavaa tena.

"Mwenyekiti, hapa ni shule ya Walutheri?"

"Ndiyo, Bwana mkubwa."

"Na huu ni msala. Mkeka wa kuswalia. Siku hizi na nyie mnaswali?"

Madirishani watu wakaangua kicheko. Ernesti, mtu wa milimani, aliyeishi pwani miaka yote hiyo bila kujali jirani yake anasujudia nini, alikuwa ameutundika juu kabisa, chini ya msalaba! Jasho likamtoka. Akamshika Lea bega, akamsukuma mbele.

"Kasuka huyu. Watoto, Bwana, wanaiga majirani."

"Kweli, binti?"

Lea akaitikia kwa kichwa. Bwana Khatib akaagiza miyaa, ikaletwa. "Haya, nianzie ukili nione."

Lea akaketi sakafuni. Vidole vikaenda. Ukili ukatoka mwembamba, umenyooka, na mtoto akawa anasema mwenyewe, kwa sauti, hesabu ya miyaa yake. Bwana Khatib akapiga makofi. "Mashaallah! Kazi za mikono, nzuri sana." Akaandika.

Hapo nikashindwa. Nikapiga kelele dirishani, "Bwana, somo hilo wamelifuta! Mikeka ya sokoni hiyo!"

Akanitazama. "Mzee, mtoto kasuka mbele ya macho yangu. Wataka nini tena?"

"Msamehe, Bwana," Ernesti akasema, sauti ya upole kama ya kanisani. "Kafiwa na mke. Hayuko sawa."

Wakaenda kunywa chai.

Jumatatu nikaenda kwa kamati. Nilidhani sasa, kwa sifa zile, Bi Mwatum ataitwa. Ernesti akacheka. "Tumeshasifiwa, Manase. Ukili wetu ni mzuri sana, mkaguzi kasema. Tuuongezee saa za nini?" Timotheo alikuwepo, mwalimu mzima, anatazama chaki. Aliyajua yote.

"Basi kila Alhamisi Lea atakuwa kwa Bi Mwatum," nikasema. "Siku nyingine atakuja kwenu."

"Akikosa Alhamisi, tunamfuta."

"Mfute!"

Wakamfuta. Kambi nzima wananiambia nimemharibia mtoto, wala hakuna hata mmoja aliyekwenda kumwambia Ernesti neno. Nani kamfanya mtoto afunge mdomo tena, mimi? Aliyemfungulia mlango na aliyeufunga si mtu mmoja, na mnawajua wote wawili.

Leo asubuhi Lea alikuwa amekaa na Bi Mwatum, wanachana ukindu. Akaniuliza, "Baba, na kugawanya nitafundishwa na nani?"

Mimi niliishia darasa la pili. Kugawanya hatukufika. Nikachukua kofia yangu nikaenda kazini, na huko njiani nikakutana na Ernesti, akangoja nimwamkie. Atangoja sana.