Gari Lisilobisha Hodi

Joash Were alikuwa amefundisha injini za dizeli pale chuo cha ufundi cha Sigalagala kwa muda mrefu hata wanafunzi wakambatiza jina la Mwalimu Dizeli, naye akaliitikia bila kinyongo. Kwake yeye, gari lililo kimya lina jambo linalolificha. Injini ya kweli sharti ingurume, vikombe vitikisike mezani, na mtu aliye mbali aseme, "Fulani huyo anakuja." Kwa hiyo pikapu yake ilipokata roho, na mkewe Pascalia akasema safari hii wanunue gari dogo la heshima, tena haibridi, lile linalotumia petroli na betri kwa zamu, Joash alicheka mpaka akashika mbavu.

"Unataka wanafunzi wanione nikiendesha pasi ya umeme?"

"Nataka gari ambalo mama ataingia," Pascalia akajibu, na kicheko kikaishia hapo.

Hapo ndipo penye kidonda. Mama mkwe wake, Nanjala, aliishi Shianda na magoti yake yalikuwa yamechoka kabisa. Kila alipotakiwa kliniki mjini Kakamega alipanda boda, mwavuli mkononi, na huku mkwe ana gari. Haukuwa ubaya wa mtu. Ilikuwa heshima. Katika ukoo wao mkwe na mama mkwe huoneana haya: hawashikani mikono, hawali pamoja, na kukaa ndani ya gari moja ni jambo lisilosemeka. Nanjala akisikia pikapu ikinguruma kule kwenye kona ya mizani ya miwa, huinuka uani na kuingia jikoni kwa mlango wa nyuma. Tangu harusi, salamu zao zilikuwa zikipitia ukutani.

Kuna siku Joash aliiona boda ya mama huyo ikija mbele yake barabarani. Aliiingiza pikapu kando ya miwa, akainama chini ya usukani mpaka ikapita. Akafanya hivyo tena mara nyingine, na nyingine. Siku hizo chakula hakikumshuka. Alimpenda yule mama kweli, ila hakujua pa kuupeleka upendo wenyewe.

"Mama hataingia hata ukimletea ndege," alimwambia mkewe. "Lakini sawa, tuyapime magari: haibridi yako na dizeli zangu."

Binamu yake Jairus, mwenye yadi ya magari mjini, alikuwa na magari matatu ya daraja hilo, yote madogo, yote ya kifahari, viti vya ngozi. Mawili yalikuwa ya dizeli kutoka Ujerumani, moja jeusi na moja la kijivu. La tatu lilikuwa haibridi nyeupe ya Kijapani. Wakaelewana kwamba kila Jumamosi wataenda na moja mpaka Shianda na kurudi.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," Jairus alimtania, akampa ufunguo wa jeusi.

Jeusi lilikuwa na nguvu za fahali. Ukikanyaga mafuta, kiti kinakusukuma mgongoni. Pale Ekero liliyapita matrekta ya miwa mfululizo, Joash akiimba. Walipofika kwa wakwe, kigoda cha Nanjala uani kilikuwa kitupu, jogoo ameshakamatwa, na sauti ikatoka jikoni: "Mkwe, mmefika salama?"

La kijivu, Jumamosi iliyofuata, lilikuwa na adabu zaidi. Sindano ya mafuta haikusogea, na kwenye kona lilijishika vizuri. Lakini likisimama lilitetemeka, na Pascalia alisema meno yake yamegongana foleni nzima. Kigoda kilikuwa kitupu tena. Safari hii, kupitia ukutani, Joash alimsikia mama mkwe akiguna kwa maumivu alipokuwa akiketi. Ladha ya kuku ikamtoka mdomoni.

Jumamosi ya tatu akaingia ndani ya haibridi huku amenuna. Kwenye mlima ililia kama mtoto aliyenyimwa uji, na Joash akafurahi. "Wajerumani wangekuwa wamefika!" Walipokuta foleni ya matrekta Ekero, injini ikanyamaza kabisa.

"Si nilikwambia? Imezima!"

"Haijazima," Pascalia akasema. "Imepumzika. Na wewe pumzika."

Ikawa inasogea kwa betri, taratibu, bila tone la petroli, wakati malori ya dizeli yaliyowazunguka yakinguruma na kutoa moshi papo hapo. Joash akaikodolea macho sindano ya mafuta. Moyoni alijua dizeli zake mbili zingekuwa zinakunywa muda wote huo. Alishukuru walipoiingia barabara ya udongo na tumbo la gari likakwaruza tuta, maana hapo alipata la kusema.

Basi wakaenda polepole kwa sababu ya matuta, na kwa kuwa walienda polepole, betri ikashika kazi yote. Wakaipita kona ya mizani na hakuna aliyegeuka. Wakaingia langoni na mbwa akaendelea kulala. Nanjala alikuwa uani kwenye kigoda chake, kichwa wazi, gauni limepandishwa juu ya magoti, akijikanda kwa mafuta ya moto huku akiimba wimbo wa kanisani. Gari lilisimama karibu kabisa naye. Akainua macho, akamwona mkwe wake nyuma ya kioo.

"Mayi wee!"

Alijaribu kusimama akimbie, magoti yakagoma. Kigoda kikapinduka. Joash hakukumbuka kufungua mlango, alijikuta tu amemdaka mama huyo kabla hajafika chini, amemshika mikono yote miwili, na mafuta ya moto yamemlowesha shati.

"Pascalia!" Nanjala alipiga kelele. "Huyu mtoto wa watu amenishika!"

Joash akataka ardhi ipasuke immeze. Baba mkwe, Mzee Cleophas, akatoka nyumbani na gazeti lake, akawatazama wawili hao, akalitazama na gari.

"Hii imeingia saa ngapi?" akauliza. "Na ingokho, kuku wa wageni, hatujakamata!"

"Baba, nisamehe. Nimevunja haya."

"Umevunja, ndiyo. Haya ikivunjika hutengenezwa na mbuzi na blanketi, basi watu wanaanza kuongea kama watu." Mzee akakunja gazeti. "Hata bila kuvunjika, mkwe akitaka kuiondoa analetanga hivyo hivyo vitu. Tulikungoja, tukangoja. Sisi hatuwezi kuomba. Anayeanza ni mkwe."

"Mimi nilidhani nikiuliza nitakosa heshima."

"Na mimi nilidhani unafurahia kusalimia ukuta," Nanjala akasema, bado ameshikwa. Halafu akaanza kucheka, na kicheko chake kikamtikisa Joash mwili mzima. "Mbuzi aje leo. Leo leo, kabla magoti hayajabadilisha mawazo."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, na walisema kweli. Joash aliligeuza gari kuelekea soko la Shianda. Alinunua blanketi jekundu na mbuzi mwenye pembe, na kwa kuwa buti ya haibridi ni ndogo, mbuzi akakaa kwenye kiti cha ngozi kama mheshimiwa. Njiani akautafuna mkanda wa usalama, kisha akafanya kwenye kiti lile ambalo mbuzi hufanya popote anapojisikia. Jairus alipopigiwa simu alilia kweli.

"Wacha kulia," Joash alimwambia. "Hii nimeichukua."

"Na zile dizeli?"

"Zina nguvu zaidi. Zinapanda mlima vizuri zaidi. Haziwezi kazi niliyokuwa nayo."

Jioni hiyo walikula obusuma, yaani ugali, meza moja, Nanjala akiwa na blanketi begani licha ya joto, akimwamuru mkwewe aongeze nyama. Joash alikula mpaka akalegeza mshipi.

Siku ya kliniki ilipofika, Nanjala aliketi kiti cha mbele, miguu ameinyoosha, akatangaza kwamba gari hili halimtikisi. Pascalia alikuwa nyuma, akishikilia mkanda uliotafunwa. Walipofika pale kando ya miwa Joash alipozoea kuiingiza pikapu, alikaza macho mbele na kujifanya anatazama barabara.

"Hapa ndipo ulikuwa unajificha nikipita na boda," Nanjala akasema.

Joash akashtuka. "Mama, ulijua?"

"Nilikuwa nakuonanga. Kila mara. Nilikuwa namwambia huyo wa boda apunguze mwendo, nikuangalie kidogo."

Mwalimu Dizeli naye akapunguza mwendo. Na kwa kuwa injini ilikuwa imepumzika, wote ndani ya gari walimsikia akivuta kamasi.