Jina la Shosho Kwenye Bango

Wazazi wenzangu, mtoto akiwa na sauti, lichungeni jina lake. Binti yangu Nyokabi anaimba blues, ule muziki wa huzuni wa watu weusi wa Marekani. Jumamosi ataimba ukumbini Barking, huku kwa Wazungu tunakoishi, na meneja wake anataka bango liandikwe Kay Bee badala ya jina lake.

Nyokabi mwenyewe ndiye aliyenisimulia habari za Odessa Pruitt, mwimbaji wa zamani. Jamani, mama yule! Alitoka kufulia watu nguo, akaja kuimba kwenye mahema bila maikrofoni, na waliokaa nyuma kabisa wakalia. Lakini wenye studio walimbandika jina jipya kwa kila santuri. Alipokufa redio ziliendelea kupiga nyimbo zake, na majirani hawakujua ni yeye. Kaburi lake halina jina.

"Umepewa jina la shosho, bibi yako," nikamwambia Nyokabi. "Kwetu shosho huzaliwa tena kwa mjukuu. Ukilitupa, umemzika mara ya pili."

"Lakini Mami, Wazungu hawawezi kulitamka."

"Wajifunze! Mimi si nilijifunza kutamka Thamesmead tulipohamia huku?"

Alicheka sana. Kisha akampigia meneja simu, akamtajia jina lake herufi moja moja, polepole.