Chujio Bichi

Msimu wa vumbi la jangwani ulipoingia Kano, Rakiya aliosha chujio la mashine ya kufyonza vumbi kila wiki. Alilikung'uta, akalisuuza kwa maji matupu bila sabuni, kisha akalianika kivulini. Kwa nini alijisumbua hivyo, hakumwambia mtu. Sanusi, mwanawe wa kwanza, alikuwa na pumu, na mama mwenye haya hamhangaikii mzaliwa wake wa kwanza mbele za watu. Hamwiti kwa jina wala hampakati. Ni desturi ngumu, lakini ndiyo iliyomlea.

Siku hiyo chujio lilikuwa bado linachuruzika maji pale mama mkwe wake, Hajiya Delu, alipopigiwa simu: wageni wa kutoka Zaria walikuwa wameshafika mjini.

"We binti, zulia lina mchanga kama uwanja wa mpira! Washa hilo dubwana lako."

"Chujio bado bichi, Hajiya."

"Chujio, chujio! Kwani ndilo linalofyonza? Au ndilo lililokuoa?"

Jibu Rakiya alikuwa nalo: kifua cha mtoto. Angelitamka, angeonekana hana haya. Akaiwasha mashine bila chujio. Zulia lilitakata, lakini vumbi laini, lile baya zaidi, likatokea nyuma ya mashine na kutanda sebule nzima.

Wageni waliketi, wakapewa fura, kinywaji cha uwele na maziwa. Rakiya alikuwa nyuma ya pazia la jikoni aliposikia kikohozi cha mtoto kule sebuleni, kisha ule mluzi wa pumzi inayokwama. Aliogopa hata akajisahau.

"Sanusi! Sanusi wangu, njoo!"

Wageni wakageukia pazia. Hajiya Delu akainuka, akambeba mjukuu na kumpitisha kwenye pazia. Rakiya akampakata na kumpulizia dawa.

"Mama mtu ndiye kaita vile?" aliuliza mgeni mmoja. "Kweli siku hizi haya zimekwisha!"

"Nimeita mimi," alisema Hajiya.

"Mbona sauti imetoka jikoni?"

"Mimi ni mzee. Sauti yangu hutokea inapotaka. Kunywa fura yako."

Nyuma ya pazia, Rakiya aliyasikia yote. Pumzi ya mtoto ilikuwa imeanza kutulia, lakini hakumshusha mapajani.