Sikio la Kiranja

Blanketi lilikuwa linazungumza Kiswahili.

Nilisimama mlangoni kwa dada yangu, matope ya Mgeta yamenipanda hadi vifundoni, jembe la kusafishia makaburi begani. Ilikuwa Siku ya Marehemu Wote, saa tano ya asubuhi, na ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye matuta ya njegere. Juu ya kitanda cha kamba palikuwa na mviringo mkubwa wa blanketi la kijivu, umezungushiwa khanga mbili juu yake. Ndani ya mviringo ule ilitoka sauti ya mwanamke, kila neno likitua taratibu kama yai linalopangwa kapuni:

"Mvua za vuli zilichelewa, kwa hiyo wakulima waliahirisha kupanda."

Sauti ikanyamaza. Ikavuta pumzi. Ikairudia sentensi ile ile, polepole zaidi.

Shuleni tulifundishwa kwamba mwanamume huficha mshtuko wake kama anavyoficha njaa, na kwa miaka arobaini nilidhani nimefuzu somo hilo. Siku ile jembe lilinitoka begani likaanguka sakafuni. Nilikuwa naijua sentensi ile. Nilikuwa nimeisikiliza nyumbani kwangu Kihonda, mjini, siku tisa kabla, hedifoni masikioni, kikombe cha chai kando, miguu yangu juu ya kigoda. Niliisikiliza mara moja tu, nikaikataa.

Kazi yenyewe niliipata kwa jirani yangu Abdulatif, mtunza bohari mstaafu, mtu mwenye maneno mengi na moyo mwepesi. Mimi nilikuwa nimestaafu utumishi wa umma mwaka uliotangulia. Mafao yalitosha chakula, hayakutosha heshima. Nilikuwa nimezoea kuwa na dawati, na watu wenye faili wakisubiri neno langu. Abdulatif aliniambia iko kampuni ya ng'ambo inayokusanya sauti za Waswahili ili kuzifundisha mashine kusikia na kusema. Watu wa kila pembe ya nchi hupewa sentensi, huzisoma kwenye simu zao, na hulipwa kwa kila sentensi inayokubaliwa. Wengine hukaa nyumbani kuzisikiliza na kuamua. Nilifanya mtihani wa wasikilizaji nikapata alama ambazo, kwa mujibu wa ujumbe walionitumia, hakuna mtu mwingine aliyewahi kuzipata. Ndani ya mwezi mmoja nikapandishwa kuwa mkaguzi. Nilimsomea Abdulatif ujumbe ule mara mbili.

"Haya, mzee wa fimbo," akasema. "Wewe ukifa, malaika akija kukuhoji utamwambia kwanza arekebishe matamshi."

Nilicheka, kwa sababu utani ule ulinipendeza. Niliuona kuwa sifa.

Skrini ilikuwa na vitufe viwili, cha kijani na chekundu. Msomaji kwangu alikuwa nambari. Mimi kwake sikuwa hata nambari. Mwongozo ulisema sauti iwe safi na matamshi yawe sanifu, nao haukufafanua zaidi ya hapo. Pengo lile nikalijaza kwa malezi yangu. Katika bweni letu la wamisionari nilikuwa kiranja wa nidhamu. Nilishika daftari la majina ya waliosikika wakisema lugha za kwao, na jina la kwanza nililoliandika mle lilikuwa langu mwenyewe: uji wa moto ulinimwagikia mkononi, nikapiga ukelele kwa Kiluguru, nikaenda kuchukua kalamu kabla ya kuchukua mafuta ya kupaka. Nilichapwa viboko vinne. Kisa hicho nimekisimulia kwenye harusi, kwenye sherehe za kuagwa kazini, na kwa kila kijana aliyenijia kuomba barua ya udhamini. Nilikuwa nakisimulia kama cheti.

Basi msemaji nambari 3318 alipoanza kunijia, nilimtambua mara moja kwa jambo moja: sauti yake ilipanda mwishoni mwa sentensi, kama ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Sauti hiyo naijua. Ni ile niliyotumia miaka sita kuifuta kinywani mwangu. Nikabonyeza chekundu, sababu: lafudhi. Kesho yake akaja tena, nyuma yake jogoo akiwika. Chekundu, sababu: kelele. Alikuwa mvumilivu kupita wengine, na uvumilivu wake ulinikera, maana niliuona kuwa ukaidi. Wiki ya tatu nilikuwa nikiiona nambari yake kidole kinaelekea kwenye chekundu kabla sentensi haijaisha.

Sikumsikia mtu. Nilisikia kosa.

Blanketi likafunguka, akatoka dada yangu Yuliana, aliyekuwa amejifunika ili kelele za nje zisiingie simuni, uso umelowa jasho, simu mkononi, miwani ya kusomea imekaa upande. Alinikuta nimeinama naokota jembe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia akicheka, akaniita kwa jina la utotoni ambalo sasa yeye peke yake ndiye aliyebaki kulijua. Tulisemezana Kiluguru, kama siku zote. Sina hakika kama tuliwahi kuongea kwa lugha nyingine, mimi na yeye. Ndiyo maana sauti yake ya Kiswahili ilinipita masikioni kama ya mgeni.

Akanieleza mambo ambayo nilipaswa kuyajua. Nyonga iliyovunjika alipoteleza na mzigo wa kabichi masika ya mwaka juzi haikuunga sawa. Kushuka kwenye matuta hawezi tena, kupanda ndiyo kabisa. Nilikuwa nimemtaka aje kuishi kwangu Kihonda, akakataa. Alisema hawezi kukaa katika nyumba ya mtu akisubiri kusikia sahani zinagongana ndipo ajue atakula. Kila mara nilipomwachia bahasha aliisukuma irudi mfukoni mwangu. Kisha kikundi cha akina mama cha parokia kikafundishwa kazi hii ya simu, naye akagundua kwamba iko kazi moja duniani isiyohitaji nyonga. Kwa miezi minne alikuwa amejinunulia sabuni na sukari, na kumlipa mtu wa kumchotea maji, bila kumwomba yeyote. Hakuniambia kwa sababu alitaka kwanza kazi iote mizizi.

"Ila kuna mtu mle ndani hanitaki," akasema, akanionyesha safu ya alama nyekundu. "Wenzangu wanapita. Mimi kila nikisema ananikata. Mwanzo nilidhani ni yule jogoo wangu. Nikamchinja." Akatikisa kichwa, akacheka peke yake. "Kumbe jogoo wa watu hana kosa."

Zilikuwa zimebaki alama nyekundu mbili tu. Zikipatikana hizo, nambari yake ingefungwa na asingeruhusiwa kurudi.

Ungedhani kwamba wakati ule nilisema. Sikusema. Nilichouliza kilikuwa kingine, na nilikiuliza kwa sababu ndicho kilichokuwa kikinizungusha kichwa kuliko vyote. Dada yangu alitolewa shule akiwa darasa la pili, mama yetu alipokufa, ili anilee. Mizigo ya njegere iliyonilipia karo ilishushwa mlimani kichwani mwake. Kwa umri wangu wote nilimjua kuwa mtu asiyejua kusoma. Barua zangu za shuleni nilimwandikia katekista amsomee. Nikamuuliza, alijifunza lini?

"Kwa madaftari yako," akasema, kama mtu anayetaja njia ya kwenda kisimani. "Uliyaacha darini. Nilikuwa nayasoma shambani, kwa sauti, hakuna wa kunicheka. Yale ya insha nayajua kwa moyo."

Nilikwenda makaburini nikalima nyasi hadi viganja vikachubuka. Nikashuka mjini bila kunywa chai yake.

Siku mbili sikugusa kompyuta. Siku ya tatu nikaifungua, nikazikuta sentensi kumi na nne za nambari 3318 zikinisubiri, zote safi, hakuna jogoo, hakuna mvua juu ya bati. Niliona mambo mawili tu ya kufanya: kuzipitisha kimya kimya, au kukiri kwa kampuni. Nikamweleza Abdulatif, mara yangu ya kwanza maishani kumweleza mtu aibu ambayo haikuwa na mafunzo mazuri mwishoni mwake.

Alinisikiliza bila mzaha. "Fidelis," akasema, "pitisha hizo sentensi, zote, kisha nyamaza. Nani anakujua? Dada yako ale."

Nilimjibu kwamba kanuni ya saba ya mkataba inamtaka mkaguzi anayemfahamu msemaji atamke hivyo na kujitoa. Nikamwambia sitarekebisha dhuluma kwa hila. Wangempa mkaguzi mwingine, wangezisikiliza upya zile nilizozikataa, na dada yangu angeshinda kwa haki, jambo ambalo ni bora kuliko kupendelewa.

"Kanuni," akasema Abdulatif, akainuka. Mlangoni aligeuka. "Huko unakoandika, una hakika kuna mtu?"

Niliandika asubuhi nzima. Barua ilikuwa na aya tano. Ya kwanza ilitaja kosa, ya pili chanzo chake, ya tatu ilikiri kwamba nilihukumu asili ya mtu badala ya usomaji wake, ya nne iliomba sentensi zote za msemaji 3318 zikaguliwe upya na mtu mwadilifu, ya tano iliweka wadhifa wangu mikononi mwao. Nilitaja kwamba ni dada yangu wa tumbo moja. Sijapata kuandika barua iliyo bora kuliko ile. Nilipoituma nilijisikia kama yule mvulana aliyekwenda kuchukua kalamu kabla ya mafuta, na siwezi kukana kwamba nilijipenda.

Jibu lilikuja kabla chai haijapoa.

"Tumebaini kwamba akaunti yako na akaunti ya msemaji 3318 zina uhusiano. Kwa mujibu wa kanuni za kuzuia udanganyifu, akaunti zote mbili zimefungwa. Malipo yaliyokuwa yakisubiri yamefutwa. Uamuzi huu ni wa mwisho."

Nililisoma nikisubiri aya ya pili. Nikateremsha ukurasa, nikaupandisha. Nikajaribu kuingia, jina langu halikutambulika. Nikaandika barua nyingine, fupi, isiyo na aya, iliyosema tu yeye hana kosa, yeye hakujua, fungueni ya kwake. Ilirudi bila kupokelewa. Katika maisha yangu niliadhibiwa mara nyingi kwa haki na mara chache kwa uonevu, lakini daima palikuwa na mtu upande wa pili wa meza: padre, mkuu wa wilaya, mtu mwenye uso, aliyesoma barua na kufikiri. Mimi nilikuwa nimeungama mbele ya ukuta, tena nikaufunga mlango wa riziki wa dada yangu nikiungama.

Kesho yake nilipanda Mgeta. Alikuwa amekaa kizingitini, mguu mbovu ameunyoosha juani, simu mapajani. Alikwisha kuona kwamba akaunti yake imefungwa. Alianza yeye kunieleza, akisema labda zile kumi na nne alizisoma vibaya, labda alikuwa na haraka.

Sikukaa. Nilisimama mbele yake mikono nyuma, nikamweleza yote kwa Kiluguru. Kiluguru changu hakikutosha; hakina mkaguzi, hakina akaunti, nikawa naokota maneno ya Kiswahili na kuyapachika kama viraka. Nilimwambia nani alikuwa akimkataa, na kwa sababu gani. Nilimwambia habari ya barua. Mahali fulani chini yetu, ukunguni, mtu alikuwa akipasua kuni, na mlio wa kila pigo ulitufikia ukiwa umechelewa kidogo.

Nilipomaliza aliiweka simu chini, kando yake. Kisha akauliza swali moja.

"Hukunijua?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama, hata kwa laana. "Sikujua kwamba unajua kusoma," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu.

Nikatoa bahasha nikaiweka juu ya kigoda, nikingojea aisukume. Niliomba moyoni aisukume. Aliichukua, akaikunja mara mbili, akaifunga kwenye pindo la khanga yake.

"Nashukuru sana, Bwana Fidelis," akasema kwa Kiswahili. "Mungu akuzidishie."

Nilidhani ni hasira ya siku moja. Sasa ni mwezi wa saba tangu siku ile. Napanda kila mwisho wa mwezi, anaipokea bahasha, anashukuru kwa maneno yale yale. Hajawahi kunifokea. Juzi tulipokuwa tumekaa, jirani yake alipita na kapu la karoti akamtupia maneno, naye akamjibu kwa Kiluguru, wakacheka, sauti zao zikapanda pamoja hadi ng'ambo. Nami nikacheka, kwa kuwa nilielewa. Dada yangu akanigeukia. Kicheko kikamtoka usoni taratibu, akarekebisha miwani, akaniuliza kwa Kiswahili kilichonyooka kama nitapenda chai kabla sijaondoka.